Kinyongo cha Plastiki

Emanueli aliingia karakanani na kitambaa kimefungwa juu ya jicho la kushoto. Akaweka kioo chake mezani kwangu taratibu, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

"Dada Atu, hiki si kilipita kwako?"

Kilikuwa na uzi wa kijani, kwa hiyo kilipita kwangu. Ufa ulianzia kwenye tundu la ribiti inayoshika mkanda, upande wa kushoto, ukashuka mpaka katikati, na kipande kikubwa kama kiganja kilikuwa kimeondoka.

"Diski ya grenda ilipasuka," alisema. "Diski kupasuka ni kawaida, ndiyo maana tunavaa. Ila diski haikunigusa. Kilichonipiga ni kioo chenyewe."

"Na jicho?"

"Jicho lipo. Limeninunia tu."

Tunaviita vioo, lakini ni plastiki. Ni zile kinga za uso wanazovaa mafundi wa kuchomelea na kukata vyuma hapa Tunduma, hasa wanaounda bodi za malori. Karakana ni ya mama mdogo Ferista, mdogo wake mama yangu, na iko nyuma ya nyumba anayoishi na sisi, mimi na kaka yangu Gibson. Marehemu mumewe, baba mdogo Enoka, ndiye aliyeianzisha baada ya kurudi kutoka Ndola, Zambia, alikokuwa akifanya kazi ya plastiki miaka mingi. Shiti ya plastiki inakatwa, inatiwa kwenye tanuri mpaka ilegee, inapindwa juu ya kibao, halafu inafukiwa moto moto ndani ya sanduku la pumba za mpunga. Pumba tunazitoa Kamsamba. Humo inalala mpaka kesho yake ipoe polepole. Baba mdogo alisema plastiki ukiipoza kwa haraka inaweka kinyongo. Kwa nje inacheka na wewe, kumbe ndani imejikunja, na siku ukiigusa pabaya itakulipa yote.

Na kinyongo hakionekani kwa macho matupu. Ndiyo maana alitengeneza sanduku la mwanga. Nyuma kuna taa nyeupe. Mbele ya taa kuna filamu ya rangi ya moshi aliyoibandua kwenye televisheni bapa iliyokufa, na upande wa jicho kuna filamu nyingine ya namna hiyo hiyo, ameigeuza mpaka mwanga unakatika na unaona giza. Kati ya filamu hizo unaweka kioo. Plastiki iliyotulia inabaki giza. Yenye kinyongo inawaka rangi kama mafuta ya dizeli juu ya dimbwi, na pale penye kinyongo kikali rangi zinasongamana mpaka zinakaribia kupandana.

Zaidi ya hizo filamu kuna karatasi mbili angavu kama nailoni, moja nyuma ya kioo na moja mbele yake. Hizo baba mdogo alizileta kutoka Ndola ndani ya Biblia zisije zikakunjika. Aliziita karatasi za robo. Bila karatasi za robo, plastiki ni janja. Ukiishika wima inaweza kunyamaza kimya, ukiilaza kidogo inaanza kusema. Mtu mvivu atatazama upande mmoja aridhike. Karatasi zile zinafanya mwanga uingie ukiwa unazunguka, basi plastiki inakosa upande wa kujifichia. Mimi niliishia darasa la saba kule kijijini kwetu Ikinga na sijui mwanga unazungukaje. Ninajua tu kwamba zikiwepo, uongo hauna pa kukaa.

Baba mdogo alipofariki, wateja waliuliza nani anatazama vioo sasa. Mama mdogo akasema, "Atuganile. Huyu ana macho ya marehemu." Ili wajue kipi nimekitazama, nikaanza kufunga uzi wa kijani kwenye tundu la mkanda. Kibaya kinaenda kwenye kapu la kurudia, kirudi tanurini na kwenye pumba. Ikafika mahali mafundi hawaulizi kingine. Anafika mtu mlangoni, hata hajasalimia: "Nataka chenye uzi."

Sasa chenye uzi kilikuwa mbele yangu kimepasuka.

Nikawasha taa, nikakiingiza kile kioo cha Emanueli. Upande uliovunjika sikuuangalia sana. Niliangalia tundu la kulia, lililobaki zima. Palikuwa na rangi zimesongamana kama ukucha wa kuku, na kutoka hapo mkia mrefu wa njano ukipinda kwenda juu.

Nilikifahamu. Vioo vibaya havifanani hata kidogo, kila kimoja kina sura yake, na mimi kazi yangu kutwa ni kutazama hizo sura. Hiki nilikiona wiki ya Pasaka. Nilikiweka kwenye kapu la kurudia kwa mkono wangu. Na kama kingerudiwa kweli, ule ukucha wa kuku ungekuwa umeyeyuka.

"Unaona nini?" Emanueli aliuliza.

"Naona."

"Unaona nini sasa? Au ni kama kwa daktari, mpaka nivue shati?"

"Niachie mpaka kesho, Emanueli."

"Nikuachie nini, jicho?" Akacheka, halafu akashika kitambaa kwa maumivu. Alipotulia alisema kwa sauti ya chini, "Dada, sijaja kugombana. Ila pale gereji tunavaa vya kwenu wote, na Gibson wenu pia. Nimekuja tu ujue."

Afadhali angenitukana.

Siku hiyo nilianza kujituhumu mwenyewe. Labda nilichanganya makapu. Labda nilifunga uzi huku nikiongea. Nilipitia kila jambo kichwani kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, nikaona hapana. Mimi naweza kusahau jina la mtu, sura ya kioo siisahau. Lakini bado sikumfikiria mama mdogo. Ungeniambia ni yeye ningekukatalia.

Asubuhi nilitoka kwenda kuwasha tanuri. Mama mdogo alikuwa ameshaamka. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kapu la kurudia, amefunga khanga kiunoni, kibunda cha uzi wa kijani juu ya goti, anafunga. Anachukua kioo, anapitisha uzi, fundo, anakata, anaweka pembeni. Alikuwa akiimba polepole wimbo wa kwaya ya akina mama. Mimi sikujificha. Nilisimama tu mlangoni.

Akainua macho. "Umekunywa uji?"

"Bado."

"Kanywe, utaumwa tumbo." Na mikono yake haikusimama.

"Mama, hivyo ni vya kurudia."

"Vilikuwa."

"Vimerudiwa lini?"

"Atu, pumba zinataka kutwa nzima na usiku wake. Watu wa Nakonde wanakuja leo, wa Mlowo wanakuja kesho. Baba yako mdogo alikuwa na muda kwa sababu hakuwa na wateja. Siku hizi nikivitoa kwenye kibao navifuta na kitambaa kibichi, vinapoa hapo hapo. Mbona vizuri tu?"

"Vina kinyongo."

"Kinyongo, kinyongo. Njoo nikuonyeshe."

Alisimama akaenda kwenye sanduku la mwanga, akazichomoa karatasi za robo, zote mbili, kama mtu anayetoa mapazia ya kufua. Akawasha taa. Akachukua kioo kimoja kutoka kapuni akakishika wima kati ya zile filamu. Giza. Palikuwa na weupe kidogo tu kwenye ukingo.

"Unaona? Kimetulia."

"Mama, kilaze kidogo."

"Nikilaze kwa nini? Mtu anavaa kioo wima."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamshika mkono kwa adabu, nikaugeuza polepole, na kioo kikaanza kuwaka, kwanza nyeupe, halafu njano na zambarau, pete juu ya pete kuzunguka matundu yote mawili. Akautoa mkono wake akakirudisha wima. Giza tena.

"Ni hayo mageuzi yako yanayoleta rangi," alisema. "Kikiachwa kilivyo hakina neno."

"Emanueli amepasuka juu ya jicho."

"Nimesikia. Jana nilimpelekea kuku."

Kwetu humpelekei kuku mgonjwa asiye ndugu. Unampelekea uliyemkosea, ili asiseme. Kwa hiyo jana, wakati mimi najituhumu na kuhesabu makosa yangu, yeye alikuwa amekwenda na kurudi, na jioni tumekula ugali sahani moja, akaniuliza mbona sili.

"Mama, uzi ule ni jina langu."

"Jina lako." Alirudi akakaa kwenye kigoda. "Nilikuchukua Ikinga una shule ya msingi na kandambili. Nani mwingine angekuweka mbele ya sanduku hilo? Hawa watu hawanunui kioo, mwanangu. Hawajui pumba, hawajui kinyongo. Wananunua uzi. Na uzi huu wa dukani nanunua mimi."

Akazikunja vizuri zile karatasi za robo, akazifunga kwenye pindo la khanga.

"Hizi zitakaa kwangu kwanza. Zinakuchosha macho."

Neno *mwanangu* alilitamka kama siku zote. Nadhani hilo ndilo lililonitoa pale. Nilichukua kioo cha Emanueli, nikavaa viatu, nikaenda gereji bila kunywa uji.

Gereji iko upande wa Mpemba, uwanja mpana wenye malori yasiyo na bodi, yamekaa kama kuku walionyonyolewa. Kelele za grenda unazisikia kabla hujafika. Cheche ziliruka, na nyuma ya kila cheche kulikuwa na uso, na kwenye kila uso kioo chetu. Nyuzi za kijani zilipepea kidogo kwa upepo. Siku zote nilikuwa nikipita hapo nikiziona nyuzi zile nafurahi.

Nilimvuta kaka yangu Gibson nyuma ya matairi.

"Waambie wavue vioo. Kuna vibovu humu."

Hakushtuka. Alifuta mikono kwenye ovaroli. "Mama mdogo kashanipigia simu. Kasema umeamka na hasira."

"Amekwambia kwa nini?"

Akatazama spana iliyokuwa chini.

"Gibson. Ulijua?"

"Mimi aliniambia tu nisichukue vya kapu la kurudia, hata vikiwa na uzi. Changu alinichagulia mwenyewe."

"Lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Na Emanueli? Mnakula naye sahani moja kila mchana!"

"Ningemwambia nini, Atu? Kwamba mama yetu anauza nini? Wewe ukisema hapa, leo jioni unalala wapi? Mimi nalala wapi? Ikinga kuna nini, kuna kitanda chako kinakungoja?" Akanisogelea. "Kaa kimya. Nitawaambia mmoja mmoja wabadilishe, polepole."

"Tangu kabla ya Pasaka umeshamwambia nani?"

Nilimtazama kaka yangu aliyenibeba mgongoni kuvuka mto tukienda shule, nikaona kwamba alikuwa amekaa salama nyuma ya kioo chake akiwatazama wenzake.

"Hizo siri za nyuma ya matairi ni za mahari au?" Asajile aliita. Ndiye fundi mkuu pale, mtu mzima mwenye sauti ya kengele. "Tuambieni na sisi tuandae suti!"

Wakacheka. Gibson naye akajaribu kucheka. Mimi nikatoka nyuma ya matairi nikasimama katikati ya uwanja na kioo kilichovunjika mkononi, nikasema. Nilisema kwamba kioo hiki nilikikataa, kikafungwa uzi bila mimi. Kwamba vipo vingine. Kwamba sijui ni vingapi wala viko kwenye nyuso za nani. Jina la mama mdogo sikulitaja, lakini Tunduma si kubwa kiasi hicho.

Grenda zikazima moja moja.

"Kwa hiyo," mmoja alisema, "uzi wako ni wa kushonea suruali?"

"Mimi yangu imechanika hapa, dada, nisaidie!"

"Nyamazeni," Asajile alisema. Alikivua chake akakitazama nje ndani. "Mimi naona kizuri tu. Haya, tutenganishie. Kibaya kipi?"

"Kwa macho hakionekani. Mpaka sanduku."

"Sanduku liko wapi?"

"Liko nyumbani. Sipewi."

"Sasa umekuja na nini, binti? Na maneno?"

Karibu na lango alikaa dereva mmoja wa Ndola aliyekuwa akisubiri lori lake lichomelewe. Alikuwa amevaa miwani ya jua ya kuendeshea. Simu yake ililia, akaitazama, akaigeuza, akasonya, akavua miwani ndipo akasoma. Nimewaona madereva wengi kwenye foleni ya mpakani wakifanya hivyo, na nilizoea kudhani ni macho yao. Siku hiyo niliona kitu kingine. Simu ilimfanyia giza, na alipoigeuza giza likaja au likaondoka. Giza la namna ile nalijua. Ndilo ninalolitazama kutwa kati ya filamu mbili za sanduku.

"Kaka, shikamoo. Naomba miwani yako, na hiyo simu."

"Mwebantu, jamani!" akawageukia wenzake. "Hapa Tunduma mnaiba mkiwa mmeamkia kabisa?"

Lakini alinipa. Tuliingia ndani ya bodi la lori lililokuwa limeshaezekwa, kwa sababu nje jua lilikuwa kali. Dereva akafungua picha nyeupe tupu kwenye simu. Nikaigeuza miwani mbele yake mpaka weupe ukafa. Nikaingiza kioo cha Emanueli kati ya simu na miwani. Kikanyamaza. Nikakizungusha taratibu, na kwenye kile kioo cha miwani kidogo kama sahani ya kikombe, ukucha wa kuku ukajitokeza.

Nikampa Asajile atazame. Alitazama kwa muda. Kisha akampisha Emanueli, aliyekuwa amekaa pembeni bado na kitambaa jichoni. Emanueli akainamisha jicho lake zima.

"Hiki kilikuwa usoni kwangu?"

"Ndiyo."

"Na kuku yule," akasema polepole, "nimeshamla."

Hakuna aliyecheka.

Tukaanza. Bila karatasi za robo kazi ni ngumu mara mbili, kwa sababu kila kioo kinaweza kukudanganya kikiwa wima. Ilibidi nizungushe kila kimoja, tundu kwa tundu, pindo kwa pindo, nikisubiri kiseme. Vingine vilisema mapema. Vingine nilivizungusha mara mbili na tatu, vikabaki giza kote, nikajua ni vya kwangu vya kweli. Vizuri niliviweka upande wa kulia wa sakafu. Vibaya nilikata uzi wake kwa wembe nikaviweka kushoto. Mafundi walipanga mstari mlangoni, kila mtu na chake, kama watu wanaongoja kupimwa malaria. Utani uliisha wenyewe. Mtu akiona chake kinakwenda kushoto alijishika uso, hivi, kwa kiganja, akaondoka.

Gibson hakupanga mstari. Alisimama nje akiegemea tairi, kioo chake kifuani.

"Na wewe," Asajile alimwita.

"Changu kizuri."

"Umejuaje?"

Watu wote wakamgeukia. Nadhani hapo ndipo walipoelewa, maana Emanueli alisogea hatua moja kutoka kwake, kama mtu anayepisha baiskeli.

Gibson akapanda ndani ya bodi akanipa kioo. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikishika wima nyuma ya miwani. Kilinyamaza, giza safi.

"Unaona?" alisema.

Nikakizungusha. Nilikizungusha polepole kuliko vingine vyote, na nitasema ukweli, niliomba kibaki giza. Zikaja nyeupe. Zikaja njano. Halafu pete zikafunguka kwenye tundu la kushoto, zambarau na kijani, zimesongamana mpaka nikashindwa kuzitenganisha, na tundu la kulia vivyo hivyo, na kati yao utepe mmoja mrefu ukivuka pale pale yanapokaa macho ya mtu. Kati ya vyote nilivyotazama mchana ule, hakukuwa na kilichojikunja kama hicho.

Nilimpa miwani, nikamshikia simu.

Alitazama. Akakirudisha wima, kikanyamaza. Akakilaza, kikawaka. Akakirudisha tena, akakilaza tena, kama mtu anayefungua na kufunga mlango akitegemea safari hii atamkuta ndani mtu mwingine.

"Alinichagulia mwenyewe," alisema. "Alivipekua vyote, Atu, akivishika wima kimoja kimoja. Akanifungia uzi mbele ya macho yangu. Akasema, Mungu akulinde, mwanangu."

Nje watu wa zamu ya grenda walikuwa wamekaa juu ya vyuma, mikono mitupu, hawana cha kuvaa. Nilichukua wembe sakafuni, nikamshikisha Gibson, nikamnyooshea uzi wa kioo chake ili aukate yeye.